Kitabu, Redio na Simu: Historia ya Mafundisho ya Nyumbani Kibera na Kawangware

Mwaka 1899, reli iliyoanzia Mombasa ilipofika Nairobi na kuikuta nchi ya majani na maji ambayo haijawa mji, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa na kituo chao Bagamoyo tangu 1868, walifungua misheni ya Mtakatifu Austin upande wa magharibi, karibu na pale panapoitwa Muthangari. Watu wa kilimo huikumbuka misheni hiyo kwa mibuni yake, maana mbegu yenye asili ya kisiwa cha Réunion ilistawi pale na kuenea katika mashamba ya walowezi, hata kahawa ya namna ile ikaitwa ya Misheni ya Kifaransa. Mimi naikumbuka kwa jambo lingine. Kutoka pale yalitoka mafundisho ya mwanzo ya Kikatoliki yaliyoingia katika nyumba za watu wa Dagoretti, na Kawangware ya leo, pamoja na vichochoro vyake vya Gatina, Kabiro na Congo, ni mwendo wa miguu tu kutoka kanisa lile.

Aghalabu tukisimulia historia ya elimu ya misheni tunaanza na majengo: shule, bweni, mnara wa kengele. Lakini aliyebeba mafundisho mpaka kizingitini alikuwa katekista, mtu wa kabila na lugha ya wale aliowafundisha, mwenye kitabu kimoja chembamba mkononi, aliyewakuta watu uani au mekoni baada ya kazi za shamba na za mji. Kitabu chenyewe kilikuwa cha masuala na majibu. Yeye husoma suala, wao hujibu kwa pamoja, na usiku unaofuata hujibu bila kutazama, mpaka maneno yakakaa kifuani. Wazee waliopita katika njia hiyo waliweza, miaka 50 baadaye, kukutajia sakramenti saba na amri za Kanisa kwa mpangilio ule ule waliofundishwa, ijapokuwa wengi wao hawakupata kuingia darasa lolote. Huko Gikondi, katika nchi ya Nyeri, Sista Irene Stefani wa shirika la Consolata, ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha, alitembea nyumba kwa nyumba akifundisha na kuuguza mpaka alipofariki mwaka 1930. Kanisa lilipomtangaza Mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, liliiheshimu pia, kwa maoni yangu, ile kazi ya kufundisha watu majumbani mwao.

Kuna kitu katika vitabu vile ambacho napenda msomaji akitazame kwa karibu, kwa sababu habari yote inayofuata inakitegemea. Ukifungua katekisimu ya zamani, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu utakuta maneno machache ya Kilatini, Nihil obstat na Imprimatur, na chini yake jina la askofu, mahali na tarehe. Maana yake ni kwamba mtu mwenye elimu amekisoma kitabu kizima na hakuona ndani yake neno la kupotosha imani, kisha askofu ameruhusu kichapwe. Mama asiyejua Kilatini hakuweza kuyasoma maneno yale, lakini hakuwa na haja, kwa kuwa aliyemletea kitabu ni katekista, katekista katumwa na padre, padre katumwa na askofu, na askofu ndiye yule mwenye jina lililopigwa chapa pale. Palikuwa na silsila ya dhamana, na mwisho wa silsila hiyo alikuwapo mtu ajulikanaye kwa sura, ambaye angeweza kuulizwa barabarani.

Kibera ina asili nyingine. Ardhi ile ilipewa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, watu waliotoka Sudani, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza rasmi kuwa ya jeshi, ekari 4,197 za msitu. Wanubi walikuwa Waislamu, na elimu ya kwanza iliyofundishwa Kibera ilikuwa ya chuo, watoto wameketi mkekani mbele ya mwalimu na mbao zao, wakihifadhi sura za Kurani kwa sauti. Nalitaja hili kwa makusudi. Wakatoliki walipokuja kujenga vibanda vyao kando ya Makina, kijiji cha Wanubi, hawakufika mahali pasipojua maana ya mtoto kusomeshwa dini karibu na nyumbani kwao na mtu wa mtaa wao, bali walikuta jirani zao wanalifanya jambo hilo kila alasiri, tena kwa ustahimilivu ambao Wakristo wengi wangeweza kujifunza kwao.

Baada ya Uhuru wahamiaji waliongezeka, hasa Waluo, Waluhya na Wakamba, na imani ya wengi miongoni mwao ilikuwa imepandwa na mapadre wa Mill Hill, waliofika Kisumu mwaka 1903 wakitokea Uganda. Walijenga kando ya reli, katika Laini Saba, Soweto, Gatwekera, Kianda, na katika Laini Saba likasimama kanisa la Kristo Mfalme, ambalo lilihudumiwa na Wamisionari wa Guadalupe kutoka Mexico. Hivyo mtoto wa Kibera akapata kufundishwa Baba Yetu na bibi wa Siaya aliyefundishwa na Mholanzi, na kubarikiwa na padre wa Mexico, katika mtaa ulioanzishwa na askari wa Sudani.

Wakati huo huo shule zenyewe zilikuwa zinabadili mikono. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziondoa shule katika mamlaka ya misheni na kuzitia chini ya serikali, Kanisa likabaki na cheo cha mfadhili. Na katika miaka ya 1970 Wakatoliki na Waprotestanti walikubaliana kuandaa muhtasari mmoja wa somo la dini. Mapatano hayo yalikuwa ya heri, nami siwezi kuyalaumu, kwa kuwa yaliwapunguzia watoto ugomvi wa wazee wao. Ila yalikuwa na matokeo ambayo hayakuonwa mapema na watu wengi: yale yaliyo ya Wakatoliki peke yao, Rozari, watakatifu, Ekaristi jinsi Kanisa linavyoifundisha, maandalizi ya Kipaimara, yakabakia na kipindi kimoja cha mafundisho ya kichungaji kwa juma, na yaliyosalia yakarudi parokiani na nyumbani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kusema, katika tamko lake la elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Nairobi neno hilo halikupata wasaa wa kuwa nadharia; liliwaangukia wazazi kama kazi ya jioni.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaazimia kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na mwaka 1976 wakalithibitisha azimio hilo. Kwa mtaa wa mabanda lilikuwa ni azimio lililokuja wakati wake. Kanisa lililo mbali lina nafasi ya watu mara moja kwa juma, lakini jumuiya hukutana katika chumba cha futi 10 kwa 10, kitanda kimefunikwa shuka ili kiwe benchi, jiko limetolewa nje, watoto wameketi sakafuni kati ya miguu ya watu wazima. Injili husomwa, watu hunyamaza, kila mmoja hutaja neno lililomgusa, kisha hufikia shida za mtaa, nani mgonjwa, nani amefukuzwa na mwenye nyumba. Wakati wa Kwaresima huletwa kile kijitabu cha kampeni kitolewacho na Tume ya Haki na Amani, chenye picha moja kwa kila juma, na picha hiyo hushikwa juu ili waliokaa mlangoni waione. Mtoto aketiye pale hufunzwa bila kuambiwa kwamba anafunzwa. Papa Fransisko aliposimama katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, jirani ya Kawangware, tarehe 27 Novemba 2015, na kusema juu ya hekima iliyomo katika mitaa ya watu maskini, watu wa jumuiya hizi walijua anasema kitu wanachokiishi.

Mwaka 2003 ulileta mambo mawili yanayostahili kutajwa pamoja. La kwanza ni elimu ya msingi bila malipo, iliyozijaza shule za serikali zilizo kandokando ya Kibera, Olympic, Ayany na nyinginezo, hata madawati yakawa machache kuliko watoto. Shule za wenyewe kwa wenyewe, za mabati na mbao, zilikuwapo tangu kabla ya hapo, na mtafiti James Tooley, aliyezihesabu wakati huo, alizipata 76 ndani ya Kibera peke yake. Nyingi zilianzishwa na kanisa fulani au na mwalimu mmoja sebuleni mwake, hivi kwamba mpaka baina ya shule na nyumba ulikuwa mwembamba kuliko wenye kutunga sheria wanavyoudhani. La pili ni Radio Waumini, iliyoanzishwa na maaskofu wa Kenya. Sauti ya Kanisa sasa ikawa inaingia katika kila chumba chenye betri mbili, asubuhi kwa masomo ya siku, jioni kwa Rozari, na mama aliyekuwa akifua au akikaanga mandazi aliweza kusikiliza bila kuacha kazi. Mwaka 2007 Kibera ikapata redio yake yenyewe, Pamoja FM. Redio ilihifadhi ile silsila ya dhamana: ulijua kituo ni cha nani, na ukitaka kulalamika ulijua mlango wa kubisha.

Intaneti haikuja hivyo. Ilikuwapo Nairobi tangu kati ya miaka ya 1990, na Vatikani nayo iliufungua ukurasa wake wa kwanza wakati wa Noeli ya 1995, ikizipa mashine zake majina ya malaika wakuu Rafaeli, Mikaeli na Gabrieli. Lakini muda mrefu jambo hilo lilikuwa la maofisi na la saiba za mjini, ambako dakika zililipiwa moja moja. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, bei ilishuka, na kabla ya miaka 10 kupita simu yenye kioo ilikuwa imeingia vyumba ambavyo havikupata kuwa na kabati la vitabu. Mitaa hii haikukaa ikisubiri kuletewa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora ramani ya mtaa wao, ambao katika ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Tawi la Kibera la Maktaba ya Taifa liliwapa watoto vishikwambi vya kusomea masomo yao, na taasisi ya Tunapanda ikajenga mtandao wa intaneti wa jamii wa kuziunganisha shule na vituo vya vijana.

Tarehe 15 Machi 2020 Rais alitangaza kufungwa kwa shule zote kwa sababu ya korona, na makanisa yakafuata. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 humlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shuleni, na mzazi asiyefanya hivyo hutenda kosa. Sasa serikali hiyo hiyo ikamwambia amweke mtoto nyumbani. Kila mzazi wa Kibera na Kawangware akawa mwalimu kwa amri, katika chumba kile cha futi 10 kwa 10, pasipo kulipwa, na wengi wao kazi za vibarua zimekatika. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ilipeleka masomo kwa redio ya KBC na kwa runinga. Misa ikasikika redioni. Katekista, aliyekuwa na watoto wa Komunyo ya kwanza waliobakiza miezi michache, akaanza kutuma masuala na majibu kwa WhatsApp, suala moja asubuhi, jibu kwa sauti ya mtoto jioni, na ninapolifikiria jambo hilo naona ule mtindo wa mwaka 1899 umefufuka katika chombo kipya, mwalimu yule yule wa mtaa, kujibu kule kule kwa kinywa, na kurudia mpaka ikae kifuani.

Jinsi simu moja ilivyotumika nyumbani ni jambo la kutazamwa. Simu ni ya baba, nayo huondoka naye asubuhi, kwa hiyo masomo ni ya usiku. Bando hununuliwa la shilingi 20, na mama hupakua kwanza kila kitu kwa pamoja, masomo ya Jumapili, sauti ya katekista, karatasi ya hesabu kutoka kwa mwalimu wa darasa, kisha huzima data kabla mtoto hajaishika simu. Wengine walizima kwa kuokoa fedha, lakini wakagundua wamepata faida ya pili, kwamba mtoto husoma lililochaguliwa na mzazi wala hapotei. Wataalamu wa malezi katika nchi tajiri huandika vitabu vizima kufikia desturi hiyo ambayo hapa ilifundishwa na uhaba.

Katika miezi hiyo pia ndipo lilipojitokeza tatizo la vifaa. Mama aliyetafuta mafundisho ya Kikatoliki kwa watoto wa nyumbani aliletewa na mtandao mamia ya kurasa, karibu zote za Marekani, ambako Wakatoliki wanaosomesha watoto nyumbani wamekwisha kujenga ada na biashara kamili. Kazi yao ni nzuri, nami nawaheshimu. Lakini vitabu huuzwa kwa dola, kalenda hufuata theluji na vuli, na mtoto wa Gatina hupaka rangi picha za watakatifu wa Ulaya ilhali haijui tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, wala hajasikia kwamba Bakhita, aliyetangazwa Mtakatifu mwaka 2000, alitekwa utumwani katika Sudani ile ile waliyotoka majirani zake Wanubi. Vitu vyetu vipo. Wachapishaji wa Paulines wamechapa Nairobi Katekisimu ya Kanisa Katoliki kwa Kiswahili, pamoja na maisha ya watakatifu wa Afrika, na Padre Joseph Healey wa Maryknoll amekusanya na kuweka mtandaoni bure habari za jumuiya ndogo ndogo za Afrika Mashariki. Ila kurasa hizo hazijui kupiga kelele, na mtandao humtanguliza mwenye kelele.

Na penye kelele pana hatari. Zilisambazwa sala zenye vitisho, kwamba usipozipeleka kwa watu 10 utapatwa na msiba. Barua zilizodaiwa kuwa za Papa. Unabii wa kuhesabu siku. Na wahubiri walioomba namba ya M-Pesa kabla ya Amina. Hapo ndipo wazazi waliporudia, bila kufundishwa na mtu, ile kazi ya ukurasa wa Kilatini. Ujumbe ulipofika, mama aliupeleka kwa katekista na swali fupi, “Mwalimu, hii ni yetu?” Katekista akauliza nani kaandika, yuko jimbo gani, askofu wake nani, na kama hakuna jibu, basi haikuwa yetu. Sijaona kanuni iliyo bora kuliko hiyo, wala mtambo uwezao kuitimiza badala ya mtu. Hata waraka wa Vatikani juu ya Kanisa na Intaneti, uliotolewa Februari 2002, ulionya kwamba zipo tovuti zinazojiita za Kikatoliki ilhali hazisemi kwa niaba ya Kanisa, ukataka iwepo njia ya kuzitambua. Njia ya Kawangware ilikuwa katekista.

Shule zilianza kufunguliwa kwa madarasa matatu tarehe 12 Oktoba 2020. Siku mbili kabla yake, mjini Assisi, Kanisa lilikuwa limemtangaza Mwenye heri Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na umri wa miaka 15, ambaye aliutumia ujuzi wake wa kompyuta kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Tarehe 7 Septemba 2025 akatangazwa Mtakatifu. Vijana wa mitaani kwetu wampenda, kwa haki, kwa kuwa alivaa raba na kucheza michezo ya kompyuta kama wao. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba alijiwekea kipimo katika michezo hiyo, saa moja kwa juma, na kwamba mkusanyo wake ulichukua miaka, kwa utafiti wa subira, muujiza mmoja baada ya mwingine.

Shule zote zilipofunguliwa Januari 2021, makundi ya WhatsApp ya mafundisho hayakufungwa. Yameingia katika maisha ya jumuiya, na yameleta adabu mpya zinazohitaji kufundishwa, kubwa miongoni mwake kuhusu picha za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla habari za mtoto hazijatumiwa, lakini siku ya Komunyo ya kwanza kila mwenye simu hupiga na kurusha, sura, jina, kanzu na mtaa, kwa watu asiowajua. Hili si dogo, na parokia zingefaa kulisema altareni pamoja na matangazo ya ndoa.

Lililo kubwa zaidi kwangu ni katekista mwenyewe. Zamani misheni ilipomtuma ilimpa kitabu, na baadaye baiskeli, na mara kwa mara ilimwita kituoni apate kufundwa upya. Leo anasomesha watoto kanisani Jumamosi, anazika, anaongoza ibada pasipo padre, na usiku anajibu ujumbe wa kina mama 40 kwa bando alilonunua mwenyewe, akiamua nini ni yetu na nini si yetu, kazi ambayo zamani ilifanywa na mwanachuoni wa jimbo kabla ya askofu kutia sahihi. Nimeona jumuiya zikichanga fedha za maua, za sare za kwaya, za keki ya padre. Bado sijaona mchango wa bando la katekista, wala mafunzo ya juma moja ya kumwonyesha jinsi ya kutafuta asili ya ujumbe, mahali pa kuipata katekisimu kwa Kiswahili, na namna ya kuzipanga sauti na kurasa nzuri ili kina mama wa Laini Saba na wa Gatina wazipakue mara moja, kwa shilingi zile zile 20.